Makapi ya Mpunga Ndani ya Kompyuta

Wewe unayenisikiliza, kama umewahi kuunga kompyuta kwa mikono yako, ukabonyeza kitufe, ukasikia feni zinazunguka lakini kioo kikabaki cheusi, kaa nami kidogo. Naijua saa ile. Watu waliosimama nyuma yako wanaanza kupumua kwa sauti. Nitakueleza yaliyonikuta Kabambare, na nitakwenda taratibu, maana haraka ndiyo iliyokaribia kuniharibia kazi.

Mimi nakaa Kasongo. Natengeneza simu na kompyuta katika chumba kidogo kinachotazama barabara ya soko. Dada yangu mkubwa, ambaye namwita yaya kama tunavyofanya kwetu, aliolewa Wamaza. Mumewe alipofariki, alihamia Kabambare na binti zake wawili, akapanga chumba karibu na ofisi za teritwari, yaani za serikali ya wilaya. Mawazo yake yalikuwa mazuri. Watu wanatoka mbali kuja kwenye ofisi zile, na kila mmoja anahitaji karatasi iliyochapwa, nakala, au picha ndogo ya pasi. Alitaka kufungua sekretaria, mahali pa kufanya hayo yote, pamoja na kadi za mwaliko wa harusi, kazi anayoipenda kuliko zote.

Jamaa za marehemu hawakuwa watu wabaya, nisieleweke vibaya. Wao walisema tu kwamba haifai mjane alipie chumba mjini huku mashamba ya mumewe yanaota majani Wamaza. Mwishowe wakamtuma kaka mkubwa wa marehemu aje kumchukua. Mzee huyo alifika kabla yangu, akamwambia yaya neno moja la haki:

"Unionyeshe hiyo kazi. Nikiiona na macho yangu, nitarudi peke yangu, na mimi mwenyewe nitawaelezea watu wa nyumbani. Nisipoiona, tunarudi wote, maana mpunga haungoji mutu."

Kwa hiyo nyumba nzima ilijua. Mashine ikiwaka, yaya atabaki na watoto wataendelea na shule yao. Isipowaka, watafunga masufuria.

Mashine yenyewe niliiunga Kasongo, kwa vipande vilivyotoka huku na kule. Sanduku lilikuwa la kompyuta iliyokufa. Bodi kuu na kichakataji vilitoka Bukavu, vimetumika lakini vizima. Kadi ya picha, ile inayotengeneza picha na kuipeleka kwenye kioo, ilikuwa nzito, yenye feni yake, na niliipata kwa mtu aliyefunga saiba yake, chumba cha intaneti. Hapa nikuombe ushike jambo moja: kichakataji cha aina ile hakina picha yake chenyewe. Bila ile kadi, kioo hakipati kitu. Tutalihitaji jambo hili baadaye.

Niliiwasha pale Kasongo, ikaleta picha safi. Nikaizima kwa moyo mweupe, nikaenda kutafuta motari, mwendesha pikipiki, atakayekubali mzigo.

Nyuma yangu akabaki mama mdogo, ninayeishi naye. Yeye anauza mayai, na mengine huyatuma hadi Lusangi, kwa wachimbaji wa dhahabu. Ukiona njia ya kule, utashangaa yai linafikaje zima. Siri yake ni makapi ya mpunga, yale yanayobaki mashineni wakishakoboa. Anamwaga makapi katika karatoni, anapanga mayai, anamwaga tena, anatikisa, anasikiliza kwa sikio lililobandikwa kwenye karatoni. Kama bado kuna sauti, anaongeza. Kwetu kila kinachovunjika kinasafiri hivyo: chupa, sahani, vioo vya taa. Niliporudi na motari, nikakuta sanduku langu limeshafungwa ndani ya gunia la mchele, limeshonwa mdomo kwa kamba.

"Umeifunga vizuri, mama?"

"Nimeifunga kama yai," akasema. "Nenda."

Nilidhani makapi yako nje ya sanduku. Sikufungua kamba, kwa sababu motari alikuwa amekwisha kuwasha.

Gunia likakaa nyuma ya pikipiki. Kioo, au ekra kama watu wengi wanavyosema, sikumwamini mtu nacho. Nilikiviringisha kwa blanketi, nikakifunga mgongoni kwa kitenge kama mtoto. Njia ya Kabambare haina huruma: mashimo, madaraja ya magogo, matope yaliyokauka yakawa kama meno. Katika kijiji tuliposimama kunywa maji, mama mmoja akanizunguka, akachungulia mgongoni.

"Mutoto iko analala?"

"Analala, mama."

"Mbona iko na pembe ine?"

Motari alicheka hadi akakaa chini.

Tulilala njiani. Kesho yake asubuhi tukaingia Kabambare. Shemeji, yule kaka mkubwa wa marehemu, alikuwa ameketi mlangoni mwa yaya juu ya kigoda, suruali imekunjwa, kofia juu ya goti. Alinisalimia vizuri, akaulizia watu wa Kasongo mmoja mmoja. Kisha akanyoosha mkono kwenye gunia, kama mtu anayesema: haya, tuone.

Nikakata kamba, nikanyanyua sanduku. Makapi yakaanza kumwagika kutoka kwenye kila tundu la hewa. Nikafungua ubavu wake, na pale nikaona kazi ya mama mdogo. Alikuwa amefungua skrubu, akajaza ndani mpaka juu, akafunga tena. Hukuona bodi wala waya. Uliona makapi tu, yamelala sawasawa, ya rangi ya dhahabu.

Kuku wa jirani ndio waliotangulia kufika.

"Shemeji," mzee akasema polepole, "sisi tuliambiwa unaleta mashini. Hii si mpunga?"

"Ni makapi, shemeji."

"Ah. Kumbe mpunga mwenyewe mulikula huko Kasongo."

Binti za yaya wakakimbilia nyuma ya nyumba ili wacheke vizuri. Yaya hakucheka. Alileta mkeka, akaushika upande mmoja, tukamimina. Nikapiga brashi, nikaazima pampu ya baiskeli nikapuliza kila kona mpaka makapi yakaacha kutoka. Nikaona kadi ya picha imelegea kwa mtikiso wa safari. Nikaisukuma kwa kidole gumba, nikakaza skrubu yake, nikafunga ubavu. Kila kitu kilionekana kimekaa.

Umeme wa yaya ni wa jua: paneli juu ya bati na betri chini ya meza. Tukangoja jua lipande. Mzee akatuambia kwamba motari wake atampitia soko likianza kufungwa. Alisema kwa upole, bila kutisha, lakini nilimwona yaya akitazama masufuria.

Nikabonyeza kitufe. Feni zikazunguka. Taa ya kijani ikawaka. Kioo kikaamka, kikaonyesha kijisanduku kidogo kinachotangatanga, kikisema kwa Kifaransa kwamba hakuna ishara. Kisha kikalala.

Nikabonyeza tena. Vilevile.

"Inaunguruma," akasema shemeji.

"Ndiyo."

"Lakini haioni."

"Bado haioni."

Rafiki yangu, saa kama hiyo mikono inataka kufungua kila kitu kwa pamoja. Usiiruhusu. Ukibadilisha mambo matatu mara moja na mashine ikapona, hutajua ni lipi lililoiponya. Na isipopona, umeongeza mashaka juu ya mashaka. Mimi hujiambia safari ya picha kwa sauti, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia: picha inazaliwa kwenye kadi, inapita kwenye kebo, inafika kwenye kioo. Naanzia mwisho wa safari, kwa sababu huko ni rahisi na hakuhitaji bisibisi.

Kwanza kebo. Nyuma ya sanduku kuna matundu mawili yanayofanana, moja kwenye bodi na moja kwenye kadi. Watu wengi huchomeka kwenye bodi, ambako kichakataji kisicho na picha yake hakipeleki kitu, halafu wanahangaika asubuhi nzima. Nilitazama: yangu ilikuwa kwenye kadi. Kisha nikabonyeza kitufe cha kioo chenyewe, kile cha kuchagua tundu la kusikiliza. Kilikuwa kimechagua sawa.

Basi nikachukua kioo pamoja na kebo ileile, nikavuka barabara hadi kwa kijana anayeonyesha mipira ya Ulaya katika banda la mabati. Shemeji akanifuata, ameshika ncha ya kebo kama mtu anayeongoza mbuzi. Tukachomeka kwenye dekoda ya yule kijana. Mara kioo kikajaa mtu aliyevaa tai, anasoma habari.

"Ekra iko muzima," akasema shemeji.

"Na kebo pia ni nzima."

"Basi ni mpunga wako njo mugonjwa."

Alinitania, lakini alikuwa amesema kweli, na mimi nilipata nafuu kidogo. Unapojua mahali ambapo ugonjwa haupo, dunia inapungua. Sasa sikuwa na haja ya kuogopa kioo tena. Tatizo lilikuwa ndani ya sanduku.

Tukarudi. Nikazima, nikachomoa waya wa umeme, nikagusa chuma cha sanduku ili mwili wangu usije ukapeleka cheche mahali pabaya. Nikatoa memori, vile vibao viwili vyembamba vinavyosimama kando ya kichakataji. Vikishika vumbi, mashine huunguruma bila kuonyesha kitu. Mtoto mkubwa wa yaya akanipa kifutio kutoka kwenye mkoba wake wa shule, nikasugua meno ya vibao hivyo, ya rangi ya shaba, mpaka yakang'aa. Nikarudisha kibao kimoja, nikawasha. Hapana. Nikatoa, nikaweka cha pili. Hapana. Nikahamisha nafasi. Kijisanduku kikatangatanga, kikalala.

Wingu likapita juu ya paneli, na betri ikaanza kulia. Yaya akaizima.

"Acha ipumzike," akasema. "Nawe upumzike. Kuleni."

Alikuwa amepika wali na sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa. Aliweka sahani juu ya mkeka uleule wa makapi, maana mwingine hakuwa nao. Tukala. Nilikuwa nikimeza bila kuonja. Katika kichwa changu nilikuwa nimefika mahali pabaya: labda kadi ya picha imekufa njiani. Kama imekufa, nyingine siipati Kabambare, wala Kasongo. Nilianza kutafuta maneno ya kumwambia yaya.

Shemeji akasimamisha taya ghafla. Akatia kidole mdomoni, akahangaika upande wa nyuma, macho yakamtoka machozi.

"Iko nini?" yaya akauliza.

"Kapi." Akalitoa, akatuonyesha kwenye ncha ya kidole, limenywea kwa mate. "Liliingia chini ya jino. Ona, kapi moja tu, na kinywa kizima kinakataa kufunga."

"Pole, shemeji. Nilipepeta vizuri."

"Ulipepeta. Moja halikosi."

Nikaacha kula. Nilimtazama mzee yule mpaka akaniuliza kama na mimi nina kapi mdomoni. Nilikuwa nafikiria kidole gumba changu. Asubuhi kadi ilikuwa imelegea kutoka kwenye mfereji wake, ule mwembamba mrefu wa plastiki juu ya bodi kuu. Makapi yalikuwa yamejaa pande zote. Mimi nilipuliza kila mahali, isipokuwa mahali pamoja: chini ya kadi yenyewe. Kisha nikaisukuma. Na nilipoisukuma, sikusikia sauti yoyote, wakati mwisho wa mfereji kuna kikucha kidogo kinachopaswa kulia kadi inapoingia sawasawa.

Nikanawa, nikachomoa nyaya zote, nikabeba sanduku hadi mlangoni, mahali penye mwanga. Chumbani mle kulikuwa na kiza. Hata tochi ya simu ilikuwa ikimulika juu juu tu. Nikafungua skrubu, nikarudisha kikucha nyuma, nikanyanyua kadi. Nikainama. Shemeji akainama upande wa pili, kofia yake ikagusa kichwa changu.

Lilikuwa pale. Kapi moja limelala chini kabisa, mwisho wa mfereji, limebanwa likawa bapa kama ukucha wa mtoto. Upande ule kadi ilikuwa imesimama juu yake kwa unene wa karatasi. Mguso uliobaki ulitosha feni kuzunguka, haukutosha picha kupita.

"Ndilo hilo?" mzee akanong'ona, kama vile lingeweza kukimbia.

"Ndilo hilo."

Sikutumia sindano wala bisibisi, maana chuma kinaweza kukwaruza meno ya mfereji. Nilivunja kijiti cha ufagio, nikalichokonoa polepole mpaka likatoka. Nikapuliza kwa pampu ya baiskeli, nikatazama tena, nikapuliza tena. Nikafuta meno ya kadi kwa kile kifutio cha shule. Kisha nikaiweka juu ya mfereji, nikaibonyeza kwa vidole vya mikono miwili, upande huu na upande ule kwa pamoja, bila hasira. Kikucha kikalia: ka!

Tulikisikia wote.

Wingu lilikuwa limepita. Yaya mwenyewe akabonyeza kitufe. Nilimwomba afanye yeye. Feni zikazunguka. Kioo kikawa cheusi. Kikaendelea kuwa cheusi. Mtoto mdogo akashika nguo ya mama yake. Halafu maandishi meupe yakatokea kwenye kona, mstari mmoja, mwingine, na rangi ya bluu ikafunguka kioo kizima, ikamulika uso wa yaya.

Watoto walipiga kelele hadi yule kijana wa dekoda akavuka barabara kuja kuona. Yaya hakupiga kelele. Alikaa juu ya gunia tupu, akaweka mikono kichwani, akaanza kucheka cheko refu lenye machozi ndani yake. Nami nikakaa karibu naye. Mtu akataka kugusa kebo ili aone inavyoingia, yaya akaruka.

"Mutu asiiguse! Mutu asipite hata karibu!"

Kwa mbali tulisikia soko linapungua sauti. Motari wa shemeji hakuwa mbali. Yaya akajifuta uso, akashika simu yake, akasema, "Simama mlangoni, shemeji. Kazi yangu ulitaka kuiona na macho."

Mzee akavaa kofia, akashusha suruali, akasimama wima kama mlingoti. Yaya akampiga picha, akaiingiza kwenye mashine, akaifungua kubwa kwenye kioo. Akaiweka sawa, akaongeza mwanga usoni. Niliona mikono yake inajua inachofanya. Inprimanti, mashine ya kuchapa aliyokuwa nayo tayari, ikaguguna, ikatoa karatasi. Alikuwemo shemeji mzima, na miguuni pake kuku watatu wanachakura makapi yetu.

Aliishika kwa kingo, mbali kidogo na macho, kwa muda mrefu.

"Kuku nao wameingia," akasema.

"Niwatoe?" yaya akauliza. "Naweza kuwatoa."

"Hapana. Waache. Nyumbani wakiniuliza, nitawaambia nilikuwa nimesimama pale pale." Akaikunja? Hapana, hakuikunja. Aliomba bahasha, akaitia ndani ya shati upande wa moyo. "Nitawaambia nimeiona. Wakati wa mavuno mutakuja kutusaidia, wewe na watoto. Halafu mutarudi kwenu hapa."

Kwenu hapa. Nilimwona yaya akilipokea neno hilo kwa kuinamisha kichwa.

Motari akapiga honi. Shemeji akapanda, gunia letu tupu limekunjwa chini yake ili akalie kitu laini, na tukamsindikiza mpaka barabara ilipomficha.

Jioni nilimpigia simu mama mdogo.

"Ilifika?"

"Ilifika, mama. Ila kapi moja liliingia mahali pasipotakiwa, likatusumbua nusu ya siku."

"Bodi ilivunjika?"

"Hapana."

"Kadi ilivunjika?"

"Hapana, mama. Hakuna kilichovunjika."

"Basi yai langu limefika," akasema, na nikasikia anavyoridhika.

Sikubishana naye, na hata leo sibishani. Ile kadi ni nzito, na njia ile nimeipita mwenyewe. Bila makapi yake ya kuishika pande zote, ingevunja mfereji, na kosa la namna hiyo halitolewi kwa kijiti cha ufagio. Siku hizi bado tunasafirisha kwa makapi, ila kadi tunaitoa kwanza na kuifunga peke yake kwa kitambaa, na mfereji tunauziba kwa karatasi iliyokunjwa.

Yaya bado yuko Kabambare. Mlangoni ametundika nakala ya picha ya shemeji na kuku.

Nawe, siku mashine yako mpya ikiunguruma na kioo kikabaki cheusi, usiihukumu kuwa imekufa. Kioo na kebo vijaribu kwanza kwenye dekoda ya jirani. Vikiwa vizima, zima mashine, chomoa waya wa umeme, gusa chuma cha sanduku, toa kadi ya picha, tazama chini ya mfereji kwenye mwanga wa mlango, safisha, kisha ibonyeze pande zote mbili kwa pamoja mpaka usikie kikucha kimelia.